Video ya Harusi ni Amana: Mipito na Madoido kwa Anayeanza Kuhariri



Aila nyingi za pwani leo zina jamaa walioko bara. Wapo waliofuata kazi, wapo waliofuata biashara, wapo waliofuata masomo, na wakishatulia huko huoa na kuoza huko huko. Ndiyo sababu harusi zetu siku hizi hazikomei Mombasa, Malindi na Lamu. Hufungwa pia Nairobi, Thika na Ruiru, na jamaa waliobaki pwani huziona kwa njia ya video. Juu ya video hizo ndipo tunapotaka kuzungumza nanyi wiki hii: namna zinavyohaririwa majumbani, na namna madoido ya programu yanavyoweza kuipamba kumbukumbu au kuifuta.

Ndugu yetu anakaa Ruiru na watu wa nyumba yake. Alipomwoza binti yake mkubwa, nikahi ilisomwa msikitini Thika, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka kwake. Wanawake walikuwa na shughuli yao ukumbini, milango imefungwa na simu zimewekwa kando. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kurekodi, naye ni mdogo wake bibi harusi, msichana wa miaka 17. Familia ilimchagua kwa makusudi, ili picha za wanawake zisitoke mikononi mwa wanawake. Baada ya harusi alikaa wiki mbili na kompyuta ya baba yake, akajifunza mwenyewe kuhariri, akatoa filamu nzima. Kila aliyeiona alimsifu.

Miezi 10 baadaye mama yetu mzazi, nyanya yake msichana huyo, alirejea kwa Mola wake. Jamaa wa Ruiru na Thika waliteremka Mombasa kwa maziko. Usiku wa khitma, watu walipotawanyika, wajukuu walitaka kumsikia Bibi. Walikumbuka kwamba siku ya harusi alimkalisha bibi harusi mbele yake akampa wosia. Sisi hatukuonyeshwa video ya upande wa wanawake, wala haikutupasa. Msichana alitutolea kipande cha mama peke yake.

Uso wa mama uliingia ukizunguka kama boksi. Akasema maneno machache, picha ikapasuka vipande vipande kama kioo, kisha akarejea akiwa amezungukwa na nyoyo nyekundu. Ngozi yake ilikuwa imelainishwa hata makunyanzi tuliyoyajua tangu utotoni yametoweka. Chini ya sauti yake ulipita muziki. Mwisho tukamsikia akisema, "Na mimi msinisahau kwa..." Hapo ukurasa ukajikunja, sauti ikazama, na likatokea gari la maharusi likienda polepole.

Hakuna aliyesema neno. Msichana aliinamisha kichwa, akatuambia, "Ami, nilitaka ipendeze."

Tukamjibu, "Mwanangu, hukukosea kutaka ipendeze. Lakini tupe ile video ya asili, tumsikie Bibi amalize maneno yake."

Hakuwa nayo. Alipomaliza kazi, simu ilikuwa imejaa, akafuta klipu zote. Kwenye kompyuta pia alizifuta, akiamini kwamba maadamu filamu imekamilika, malighafi haina kazi tena.

Mpito ni nini?

Ndugu msomaji, ili tufahamu lililotokea, tuanze na misingi. Programu za kuhariri video za nyumbani ni nyingi. Watu wa kompyuta za Windows wanakumbuka Movie Maker, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo Microsoft iliacha kuitoa mwaka 2017. Mahali pake leo pameshikwa na Clipchamp. Wenye vyombo vya Apple wana iMovie, iliyoanza mwaka 1999. Wasiotaka kulipia wana Shotcut na OpenShot kwenye kompyuta, na wenye simu hutumia CapCut, InShot au KineMaster. Majina ni mbalimbali, lakini kazi ni moja: unapanga klipu zako kwenye mstari wa wakati, moja baada ya nyingine, unakata pasipotakiwa na unaunganisha panapotakiwa.

Mahali klipu mbili zinapokutana pana njia mbili. Ya kwanza ni mkato mtupu: klipu hii inaisha, ile inaanza, hapana kitu katikati. Ya pili ni mpito, yaani klipu ya kwanza huondoka kwa namna fulani na ya pili huingia kwa namna fulani. Huenda picha moja ikayeyukia ndani ya nyingine, au ikafifia mpaka giza, au ikafagiwa kando, au ikageuka kama boksi, au ikajikunja kama ukurasa.

Sasa, hapa pana jambo ambalo anayeanza huwa hajalijua. Picha moja inapoyeyukia ndani ya nyingine, zote mbili huonekana kwa wakati mmoja. Programu haina muda wa ziada wa kufanyia hilo, kwa hiyo huchukua mkia wa klipu ya kwanza na kichwa cha klipu ya pili, ikavilaza pamoja. Katika programu nyingi za nyumbani, mpito wa sekunde 1 huifupisha filamu kwa sekunde 1. Ukiweka mipito 60, umepoteza dakika nzima, na dakika hiyo imetoka mwanzoni na mwishoni mwa klipu zako, pale pale ambapo mtu huanza kusema au humaliza kusema. Neno la mwisho la mama yetu lilikwenda kwa njia hiyo.

Dawa yake ni nyepesi. Unaporekodi, anza sekunde 2 au 3 kabla ya mtu kusema, na usizime mpaka sekunde 2 au 3 zipite baada ya kumaliza. Kimya hicho ndicho chakula cha mpito. Mpito ukila kimya, hakuna hasara. Na kama klipu yako imeisha pamoja na neno, usiweke mpito hapo. Weka mkato mtupu.

Somo kutoka chuoni

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa jambo linalofanana na hili kabla hatujaiona kompyuta. Mwanafunzi wa tajwidi huambiwa kwamba kusoma vizuri si kutamka herufi peke yake, bali pia kujua mahali pa kusimama na mahali pa kuendelea. Anayesimama pasipo mahali pake aweza kuigeuza maana. Ndiyo sababu misahafu imewekewa alama ndogo juu ya mistari. Palipo na mim, kusimama ni lazima. Palipo na jim, yajuzu kusimama na yajuzu kuendelea. Palipo na laam-alif, usisimame.

Tulimweleza msichana wetu hivyo, akafahamu mara moja, kwa kuwa naye amepita chuoni. Basi tuwape na nyinyi mfano huo huo, tukijua kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayalinganishwi na kazi za mikono yetu. Tunachoazima ni adabu ya kusimama.

Mahali pa usisimame ni ndani ya tendo moja. Bibi anatoa wosia, mama anamvisha mwanawe kidani, babu anaomba dua. Hapo usiweke mpito wowote. Acha klipu iende. Ukilazimika kupunguza, kata baina ya sentensi na sentensi, kwa mkato mtupu.

Mahali pa hiari ni pale wakati unapopita au tunapohama kutoka mahali kwenda pengine. Asubuhi bibi harusi yuko nyumbani Ruiru akipakwa hina, klipu inayofuata msafara unaingia Thika. Hapo picha kuyeyukia katika picha kwa sekunde 1 inafaa, kwa sababu inamwambia mtazamaji kwamba muda umepita. Mkato mtupu nao unafaa.

Mahali pa lazima ni pale mlango mmoja unapofungwa kabisa: nikahi imekwisha na sasa tunaingia ukumbini, au bibi harusi ameagwa. Hapo acha picha ififie mpaka giza, mtazamaji avute pumzi, kisha mlango mwingine ufunguliwe.

Mkizitazama filamu na taarifa za habari za watu wa fani, mtaona kwamba sehemu kubwa mno ni mikato mitupu. Mipito ya boksi, vioo na nyoyo ni nadra. Mtazamaji anatakiwa amwangalie mtu anayesema, na mpito ukishangaza kuliko mtu, umemnyang'anya mtu nafasi yake.

Madoido na mipaka yake

Madoido ni kila kinachobadilisha picha yenyewe: rangi, mwendo, ulaini wa ngozi, ukungu, maandishi. Si uvumbuzi wa leo. Mfaransa Georges Méliès alisimulia kwamba mnamo 1896 alikuwa akipiga picha za sinema barabarani mjini Paris, kamera ikakwama kitambo, kisha ikaendelea. Alipoitazama picha hiyo baadaye, aliona basi la farasi limegeuka ghafula kuwa gari la maiti. Hakuna kilichogeuka. Kamera ilisimama, basi likapita, gari la maiti likaja mahali pake. Kutokana na ajali hiyo, kwa simulizi yake, alijifunza mazingaombwe ya sinema.

Kisa hicho kina onyo ndani yake. Vitu viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu, jicho huamini kwamba vina uhusiano. Mama wa bwana harusi anazungumza, kisha unaweka klipu ya shangazi mmoja akicheka, ilhali kicheko hicho kilikuwa cha saa moja kabla na kwa jambo jingine. Mtazamaji ataamini kwamba shangazi alimcheka mkwe. Hukusema uongo kwa ulimi, lakini umeusema kwa mkasi, na fitina ya namna hiyo imeweza kuvuruga ukwe hata kabla maharusi hawajazoeana. Anayehariri na ajiulize: je, mambo yalikuwa hivi?

Tukirudi kwenye madoido yenyewe, yapo yenye manufaa ya kweli. Taa za ukumbini aghalabu huzitia picha umanjano. Karibu kila programu ina sehemu ya kurekebisha joto la rangi na mwangaza. Isogeze kidogo mpaka buibui liwe jeusi na kanzu iwe nyeupe, kisha iache. Huko ni kuirudisha picha katika hali iliyokuwa. Filta za urembo ni jambo jingine. Hulainisha ngozi, hunyoosha pua na kumpausha mtu rangi. Bibi harusi akiitaka kwa uso wake mwenyewe, hiyo ni hiari yake. Lakini usimwekee mzee bila kumuuliza, kwani sura ile ndiyo wajukuu watakayoitafuta siku hayupo.

Kupunguza mwendo nako kuna hesabu yake. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Ukiupunguza mwendo kwa nusu, zinabaki picha 15 kwa kila sekunde, na jicho huanza kuona mtikisiko. Kama unajua mapema kwamba utataka mwendo wa polepole, kwa mfano bibi harusi akiteremka garini au maji yakianguka pale maporomoko ya Chania, Thika, weka simu irekodi picha 60 kwa sekunde. Na usimpunguze mwendo mtu anayezungumza, maana sauti yake itakokota na maneno yatapotea.

Maandishi yawe machache na yakae muda wa kutosha. Jina la mtu, mahali na tarehe vinatosha. Baada ya miaka 20 mtoto atakayeitazama atafurahi kujua yule mzee wa kofia ya vito ni nani.

Ama sauti, ni nusu ya video, na mara nyingi ni nusu inayosahauliwa. Mtu anaposema, ondoa muziki au kasida iliyoko chini, au ishushe mpaka isikike kwa mbali. Kama mna kisomo cha Qur'ani katika filamu, msikitie madoido yoyote ya sauti, msikitie muziki chini yake, na msikikate katikati ya aya. Hapo alama za msahafu si mfano tena, ni hukumu yenyewe.

Amana ya wanawake

Tumesema kwamba familia ilimkabidhi binti kazi hii ili picha za wanawake zisitoke nje. Hilo lilikuwa jambo la busara, nasi tunawahimiza kina mama wawaache mabinti zao wajifunze ufundi huu. Kila aila ikiwa na mwanamke mmoja anayejua kurekodi na kuhariri, hakuna haja ya kupeleka kadi ya kumbukumbu kwenye duka la mtu msiyemjua.

Lakini ufundi una adabu zake. Kwanza, uliza kabla ya kurekodi na uliza tena kabla ya kusambaza. Mwanamke aliyekubali kuonekana na jamaa zake hakukubali kuonekana na mji mzima. Faragha ni haki inayotambuliwa hata na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, na katika dini yetu kuhifadhi sitara ya mtu ni jambo kubwa zaidi.

Pili, mtu akisema hataki kuonekana, usitegemee doido la ukungu. Ukungu huwekwa mahali pamoja, na mtu hutembea. Kwa kupepesa jicho uso umetoka nje ya ukungu, na mwenye nia mbaya anaweza kuisimamisha picha hapo hapo. Salama zaidi ni kuikata klipu hiyo na kuiondoa.

Tatu, angalia programu inahifadhi kazi yako wapi. Baadhi ya programu, hasa za simu, hukutaka ufungue akaunti na huweza kuipeleka miradi yako kwenye intaneti. Kwa video za ukumbi wa wanawake, chagua inayofanya kazi ndani ya chombo chako peke yake, na uzime kila kinachopakia chenyewe.

Nne, tunza klipu za asili. Mradi wa video ndani ya programu huwa hauna picha zenyewe. Ndani yake mna maelekezo tu: chukua klipu hii kuanzia hapa mpaka pale, weka mpito huu, tia rangi ile. Ndiyo sababu unaweza kukata na kubadilisha utakavyo na klipu ya asili isiguswe. Ndiyo sababu pia ukifuta klipu za asili, mradi unabaki mtupu. Kilichosalia ni ile filamu uliyoitoa, na madoido yaliyokwisha kutolewa pamoja na picha hayabanduki tena. Basi kabla ya kuhariri, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, na nakala nyingine iwe nyumba nyingine. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa na ubora wake utapungua.

Kwa anayeanza leo, twapendekeza utaratibu huu. Panga klipu zote kwanza kwa mikato mitupu, bila mpito wala doido lolote, kisha uitazame filamu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa haieleweki katika hali hiyo, madoido hayataiponya. Ikieleweka, rekebisha sauti, kisha mwangaza na rangi. Mwisho kabisa, chagua aina mbili tu za mpito: kuyeyuka kwa muda unaopita, na kufifia kwa mlango unaofungwa. Kila unapotaka kuongeza wa tatu, jiulize unamwambia mtazamaji jambo gani. Ukikosa jibu, uache.

Kipande kilichosalia

Turudi kwa msichana wetu. Asubuhi ya pili baada ya khitma, dada yake, yule bibi harusi anayekaa na mumewe Thika, alikumbuka kwamba kabla ya uhariri kuanza aliomba apewe kipande cha wosia peke yake, akakinakili kwenye kadi ndogo. Kadi hiyo aliiacha nyumbani ndani ya mkoba wa mapambo. Waliporudi bara waliitafuta, wakaipata.

Sehemu nyingine za siku ile hazikupatikana. Nyimbo za kina shangazi, vicheko vya jikoni, watoto waliolala juu ya mikeka, vyote vimebaki ndani ya filamu ya kwanza, na nyoyo nyekundu juu yake.

Lakini kipande cha Bibi kilikuwa kizima, dakika 3 na sekunde 40. Msichana alikitengeneza upya. Alipunguza umanjano wa taa na kuinua sauti kidogo. Hakukikata popote. Makunyanzi yapo, kikohozi chake kipo, na pale alipojisahau akatafuta neno kwa muda, kimya hicho kipo. Mwishoni anamshika mjukuu wake mkono na kusema, "Na mimi msinisahau kwa dua." Kisha anatazama chini, anatabasamu, na baada ya sekunde 3 picha inafifia mpaka giza.

Alitutumia kama hati. Tuliisikiliza mara mbili, tukamwombea mama, tukamwombea na yeye aliyehariri.

Wabillahi tawfiq.